Mzee Mniko Hakuvua Samaki

Maziwa ya Justina yalianza kukauka wiki ile ile upepo ulipowafungia wavuvi ufukweni. Mtoto alikuwa mchanga bado, hata jina hajapewa. Alinyonya kidogo, akaachia titi, akalia, akalitafuta tena. Bibi yake, Wankyo, alimchukua akamtembeza uani huku akimwimbia kwa sauti ya chini nyimbo za kubembelezea ndama, maana hizo ndizo alizokuwa nazo kichwani.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa njano wa msaada. Ng'ombe waliohama nao walikuwa wamekwisha kwa kupe, mmoja baada ya mwingine. Enoka, mume wa Justina, alikuwa Bunda akibeba marobota kwenye kinu cha pamba, na asingerudi kabla msimu haujaisha. Nyumbani kulikuwa na uji, chumvi na mlenda. Kwao milimani, upande wa Butiama, mzazi hunyweshwa maziwa na mchuzi wa kidari cha ng'ombe mpaka mashavu yang'ae. Hapa katika kijiji kipya, nyuma ya Makoko, kulikuwa na ziwa tu.

Mbuke, jirani yao, mwenyeji wa pale, ndiye aliyesema kwamba kwao mzazi hupewa supu ya samaki. Alisema kama anayeomba radhi kwa ajili ya upepo. Kama mume wake, Masatu, angeweza kutoka na mtumbwi, angeleta samaki yeye mwenyewe. Akafungua kona ya khanga yake, akatoa dagaa waliobaki nyumbani kwake, akawaweka kwenye ungo wa Wankyo bila kuwahesabu. Wankyo aliona kuwa hakuwahesabu.

Tatizo lilikuwa mzee Mniko, mume wa Wankyo. Katika umri wake wote hakuwahi kutia samaki kinywani. Alisemaga kwamba samaki ni nyoka aliyebahatika kukaa mbali na watu. Tangu lori la serikali liwashushe pale, alikuwa akiweka kigoda chake mlangoni na kulipa ziwa mgongo. Dagaa walipochemka, aliinuka akahamisha kigoda upande usio na harufu, akakaa tena. Hakukataza. Wankyo alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua kwamba kwa mtu kama yeye, kuhamisha kigoda ni ruhusa.

*

Masatu alimfundisha Wankyo kuvua akiwa amesimama ufukweni. Alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno mengi, naye alivitandaza vitu vyake juu ya jiwe kama mganga anavyotandaza dawa. Mshipi mwembamba ni wa furu, wale samaki wadogo wa mawe; mshipi mnene ni wa samaki wenye nguvu. Ndoana ndogo kwa midomo midogo. Kisha akamwonyesha chubwi, kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi. Kikiwa chepesi, mawimbi yatakurudishia ndoana miguuni. Kikiwa kizito mno, kitakwama kwenye mawe na utaacha vyote huko. Ndoana ifungwe juu ya chubwi, si chini yake, ili chambo kielee kidogo na kisizikwe kwenye tope. Chambo cha furu ni nyungunyungu wa kuchimba penye migomba. Ngege, samaki wa jamii ya perege, hupenda tonge la ugali, lakini mwaka ule hakuna aliyekuwa na ugali wa kutupa majini.

Wankyo alizungusha mshipi kichwani akautupa kama anavyomtupia fisi jiwe. Ndoana ikanasa khanga yake mwenyewe mgongoni. Watoto waliokuwa wakichota maji waliangua kicheko, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba watu wa maziwa wamekuja kujivua wenyewe. Masatu hakucheka. Alisimama nyuma ya Wankyo, akaitoa ndoana uzi kwa uzi mpaka khanga ikabaki nzima, halafu akamwambia tu, "Mama, safari hii anzia begani."

Wankyo akapata furu. Walikuwa kama vidole, wenye miiba mingi kuliko nyama. Justina aliwala amefumba macho, maana naye ni binti wa wafugaji. Maziwa yakaja asubuhi moja, yakarudi nyuma asubuhi iliyofuata, kama mgeni asiye na hakika na nyumba.

Halafu kukaanza wizi. Pale penye jabali kubwa, ambapo maji yanageuka meusi ghafla, Wankyo alikuwa akimvuta furu wake pwani, mara mshipi ukakazwa na kitu kisichoonekana, ukamkata kidole, ukakatika. Kesho yake vilevile. Masatu alitazama ncha ya mshipi, akasema labda ni kenge, labda ni mamba mdogo, na kwamba wahame. Lakini kwingine hakukuwa na furu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshapita na kuwamaliza.

Jioni hiyo Wankyo alikuwa akimweleza Justina, akifunga kidole kitambaa, na sauti ikatoka mlangoni kwenye kigoda.

"Anakuja pale pale?"

Wankyo alisita. Tangu wahamie, mume wake hakuwahi kuuliza neno lolote kuhusu ziwa.

"Pale pale, Baba Enoka."

"Anachukua aliyekufa au aliye hai?"

Wankyo akafikiri. Alisema kwamba nyungunyungu huwa anawaacha. Furu aliyekwisha kufa kwenye ndoana huwa anamwacha. Anachukua yule anayetapatapa.

"Huyo ni chui," alisema Mniko.

*

Kesho yake aliteremka ufukweni na kigoda chake, akakaa akitazama maji. Watu walipita wakimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeanza kuugua. Jua lilipopanda, furu waliruka wote kwa pamoja juu ya maji karibu na jabali, kama punje za mtama zilizomwagwa, wakaanguka, kukawa kimya. Mniko alimshika Wankyo mkono.

"Umeona mbuzi walivyotawanyika? Mwenyewe yuko nyuma yao."

Wankyo alikuwa ameona. Alikuwa pia ameona chini ya maji, kwa muda wa kufumba jicho, kitu cheupe kikigeuka polepole, kipana kama mlango. Nywele zilimsimama. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuwa na neno la kukiitia.

"Basi utavua?" alimuuliza.

"Mimi sivui," Mniko alijibu. "Elewa hilo, Mama Enoka. Mimi namtegea mwizi anayekula chakula cha mzazi wangu."

Wankyo akasema ameelewa.

Duka la ushirika la kijiji lilikuwa mikononi mwa Clementi, kijana mwenye kalamu sikioni. Mniko aliomba ndoana kubwa kuliko zote. Clementi akawageukia waliokuwa kwenye foleni ya sabuni.

"Mzee anataka kumvua kiboko. Nyie watu wa ng'ombe mnajuaga ndoana inaingia upande gani?"

Watu wakacheka. Clementi akanyoosha mkono juu ya rafu, akateremsha kopo lenye kutu lililoachwa na mwenye duka wa zamani, akalimimina juu ya meza. Kulikuwa na ndoana moja, ndefu kama kiganja. Haikuwa imeuliziwa na mtu yeyote tangu duka libadilishe mikono. Akaisukuma kwa kidole, akasema aichukue tu, haina bei wala mwenyewe. Mniko aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akamshukuru na kuwaombea wazazi wake afya, kama inavyompasa mtu aliyepewa zawadi. Kicheko kikakosa mahali pa kukaa. Clementi aliishusha kalamu sikioni, akamwita arudi, akampa kipande cha msasa cha kuondolea kutu.

Shida ikawa kamba. Mniko alileta ukanda wa ngozi ya fahali ambao uliwahi kumzuia dume asiende kokote. Masatu alimwambia kwa upole kwamba ngozi ikilowa inalegea. Hawakubishana. Waliuloweka mpaka mchana, wakauvuta kila mtu upande wake, ukanyooka kama mlenda. Wote wawili wakautazama ukining'inia mikononi mwao. Ndipo Masatu alipoingia ndani kwake akatoka na wavu wake uliochanika, akaanza kufungua kamba ya juu, ile ndefu na imara inayobeba wavu wote. Alisema upepo umeufunga wavu hata hivyo. Mbuke alifungua mdomo. Halafu akaufunga, akachukua kisu akamsaidia kukata mafundo.

Lakini kamba ile ilikuwa nene na nyeupe, na Mniko alisema chui akiona kamba haji. Karibu na ndoana panatakiwa kitu kisichoonekana. Alikaa na jambo hilo kwa muda mrefu, ameshika usinga wake mapajani. Usinga ule ulikuwa wa mkia wa fahali wake wa kwanza, na aliushika kila alipozungumza mbele ya watu. Kisha akaanza kuulegeza pale unapofungwa kwenye mpini. Alichomoa singa nyeusi fungu kwa fungu, akazitandaza juu ya goti, akaanza kuzisuka.

Wankyo aliinuka. Alikwenda akaleta maji kwenye kibuyu, akawa anamlowanishia vidole, kwa sababu singa kavu hukatika. Walikaa hivyo mpaka ukapatikana msuko mrefu kama mkono, mwembamba, wenye nguvu ya kuinua mtu. Mpini ulilala chini, mtupu.

Kuhusu chambo, Masatu alishauri nyama, au samaki aliyekufa mwenye harufu. Mniko alikataa. Alisema mwizi huyu hali mzoga. Mtego wa chui unataka mbuzi mdogo aliye hai, afungwe kwa kamba ya kulegea, ili azunguke na kulia.

"Furu halii, mzee," alisema Masatu.

"Atalia kwa mkia."

Akachagua furu mwenye nguvu kwenye ndoo, akapitisha ndoana ngozini tu, nyuma ya pezi la mgongoni, pasipo kugusa uti. Badala ya chubwi akatafuta jiwe lenye tundu, akapitisha kamba tunduni ili iteleze. Jiwe likae chini kama kigingi, na furu aende na kurudi apendavyo. Masatu aliinama akakichunguza kile kitu kwa muda mrefu. Alisema hajawahi kuona mtego wa namna hiyo, na kwamba haoni kosa.

Kosa lilikuwa upande mwingine wa kamba, na hakuna aliyeliona kwa wakati. Kila mtu wa ziwa hufunga kamba kwenye jabali. Mniko aliifunga kiunoni mwake, kama afanyavyo mfugaji anayemfundisha dume kamba kwa mara ya kwanza.

*

Mwizi alikuja mchana, maji yakiwa yametulia kidogo. Kamba ilianza kutambaa mchangani kama kitu chenye nia yake. Mniko akasimama. Halafu ikakazwa, na mzee akaingia ziwani kwa hatua za mtu anayesukumwa na umati, magotini, mapajani, kifuani. Masatu alipiga kelele akate kamba. Wankyo hakujua kuogelea. Aliingia na nguo zake, akamshika mume wake shuka, akachimba visigino mchangani, na Masatu akamshika yeye.

"Vuta!" alisema Masatu. "Vuta mzee!"

"Usimvute," alisema Mniko, akihema. "Dume siku ya kwanza havutwi. Tembea naye."

Na wakatembea. Kitu kile kilielekea Makoko, nao wakaelekea Makoko, majini mpaka kiunoni. Kikageuka, nao wakageuka. Kilipotaka kwenda kina kirefu, Mniko aliegemea nyuma tu, bila hasira, akaongea nacho kwa lugha ya kwao maneno ya kumtulizia fahali. Watu waliteremka kutoka mashambani. Mwanzoni walipiga mayowe, kisha wakanyamaza wenyewe. Wakawa wanafuata ufukweni, huku na huku, kama wanaosindikiza jeneza la mtu mkubwa au arusi ya mfalme, hawajui ni lipi kati ya hayo mawili.

Kisha kikapanda juu. Kiliinua kichwa nje ya maji, mdomo wazi, mdomo ambao ndoo ingeingia, kikatikisika mara moja na matone yakaruka yakiwa na jua ndani yake. Wankyo alisikia umati mzima ukivuta pumzi. Aliona upande wa mwili wake, mweupe kama fedha iliyosuguliwa, na jicho. Jicho lilikuwa na moto wa njano ndani, kama taa iliyowashwa nyumbani mwa mtu. Lilimtazama. Alijikuta akisema kwa lugha yake neno ambalo kwao husemwa asubuhi jua linapochomoza.

Kilipochoka, kilikuja chenyewe, ubavu ukielea. Masatu alikisogelea akakikumbatia kama mtoto aliyelala, akakitoa majini na kukilaza mchangani.

Kilikuwa samaki. Hilo ndilo tu walilokuwa na hakika nalo. Angelazwa kando ya mtoto wa darasa la pili, angemzidi. Masatu alivua kofia yake. Aliita wazee wa ziwa, mmoja mmoja, wale waliozaliwa ndani ya mitumbwi, na kila mmoja aliinama, akagusa magamba, akatikisa kichwa. Hakuwa na jina. Miaka iliyofuata watu walikuja kumwita sangara, wakamzoea, wakajenga nyumba za mabati kwa ajili yake. Siku hiyo alilala pale bila jina, na hakuna aliyethubutu kumruka.

*

Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema ni jini. Mwingine alisema ni samaki wa serikali, aliyeletwa kwa ndege. Mseti, balozi wa nyumba kumi, alikuja na mkoba wake, akasema kitu kisichojulikana hakiliwi, na asubiriwe bwana samaki, ofisa wa uvuvi wa mjini Musoma, aje atoe kauli. Mbuke alisema kwa sauti ndogo kwamba kwa jua hili, bwana samaki atakuta harufu. Hata hivyo, naye alimsogelea Wankyo akamwambia kweli: yeye asingethubutu kumpa mzazi kitu ambacho hata wazee hawakijui. Maziwa ya mama hubeba kila alacho.

Nyumbani, mtoto alikuwa akilia. Kilio kilikuwa kimebadilika siku hizo, kimekuwa chembamba, na kila mwanamke aliyekuwa ufukweni alikuwa akikisikia bila kutaka.

Wankyo aliketi mchangani, nguo zikimtiririka maji. Akamwita balozi kwa heshima.

"Ndugu balozi, kwetu ng'ombe akifa kwa ugonjwa usiojulikana, nyama haitupwi na hailiwi ovyo. Anaanza kuila mwanamke mzee aliyemaliza kuzaa. Watoto wanangoja. Akifika jioni salama, wanakula. Huo ndio utaratibu wetu tangu zamani. Mimi nimemaliza kuzaa."

Mseti alifungua mkoba, akaufunga. Akasema kwamba kama mama mwenyewe amependa, yeye hakuona.

Walikoka moto pale pale kwa kuni za jirani huyu na yule. Mbuke alikata kipande karibu na mkia, akakichemsha kwa chumvi. Mafuta yalipanda juu ya maji kama ya kidari. Wankyo alikipokea kwenye bakuli. Nyama ilikuwa nyeupe, nene, haina miiba midogo. Alijigeuza upande, kwa kuwa lile jicho lilikuwa bado linamtazama.

Mniko alikuwa akivua kamba kiunoni. Ilimwachia alama ya damu kuzunguka mwili wote. Alikuja akaketi kando ya mke wake, akachukua nusu ya kipande kutoka kwenye bakuli.

"Baba Enoka," alisema Wankyo, "utaratibu unasema mwanamke."

"Utaratibu hausemi mwanaume akae atazame." Akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu, uso wake ukiwa umekunjamana kama wa mtoto anayepewa mwarobaini, akameza. Watu walingoja. "Si nyoka," alisema.

Hakuna aliyecheka. Walikaa wawili, bega kwa bega, kijiji kizima kikiwatazama wasife. Jua likasogea. Mtu akawaletea kivuli cha mkeka, mwingine shuka kavu. Wankyo hakusahau ni nani. Ilipofika saa ya kufunga mbuzi, Wankyo alisema ana njaa tena, na hapo ndipo umati ulipovunjika kwa vigelegele.

Mniko aliomba kisu. Aligawa kama inavyogawanywa ng'ombe, maana hakujua njia nyingine. Alimzunguka samaki akitafuta nundu, hakuiona. Akatafuta paja, hakuliona. Watu wa ziwa walikuwa wameziba midomo yao, lakini hakuna aliyemsahihisha. Mgongo, fungu la rafiki, akampa Masatu. Fungu la wazee wakapewa wazee, na la wajane likapelekwa majumbani kwao. Clementi wa dukani, aliyesimama mbali, akaitwa kwa jina akapewa la mtu aliyetoa chombo. Kipande cha kifuani, chenye mafuta kuliko vyote, Mniko alikifunga kwenye jani la mgomba bila kukipa mtu.

"Na hicho?" aliuliza balozi.

"Kidari ni cha mzazi."

*

Justina alikunywa mchuzi mpaka jasho likamtoka puani. Akanywa tena asubuhi, na tena. Hakufumba macho. Mbuke alikuwa akija kumkanda mgongo, na Masatu alikuwa nje akianza kuunga wavu wake kwa kamba ileile, ambayo sasa ilikuwa na harufu ya hadithi.

Mchana mmoja Wankyo alikuwa akichambua mlenda mlangoni. Kukawa kimya ndani kwa namna iliyomshitua. Akainuka haraka. Mniko naye akainuka kutoka kwenye kigoda, na wakasimama kizingitini, wakaogopa kuingia.

Halafu wakasikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya koo, kavu kidogo, kisha nzito, ikifuatana na nyingine, na nyingine. Kumeza. Mtoto alikuwa akimeza.

Mniko aliegemea mlango. Alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya paa baada ya ukame. Baadaye sauti ikapungua, ikakoma, na Justina akanong'ona kwamba amelala.

Wankyo aliingia. Mtoto alikuwa ameachia titi, mdomo wazi, na maziwa yalikuwa yakimchuruzika pembeni mwa mdomo kwenda shingoni, mengi, ya kupotea. Wankyo alinyoosha kidole ayafute. Akasita, akayaacha yatiririke.